Mayatima Wenye Baba

Redioni alikuwapo mtaalamu wa malezi. Alikuwa na sauti laini, sauti ya mtu aliyelala vizuri na kuamka bila haraka, na alikuwa anawafundisha wazazi namna ya kuwashughulisha watoto kipindi hiki shule zimefungwa na Ramadhani imeingia. Mtengenezee mtoto ratiba, alisema. Mnunulie vitabu vya hadithi. Mtengee kona yake ya kusomea, iwe na utulivu. Msiwaache watoto wakazurura.

Somoe alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la unga wa kalimati, mkono umezama hadi karibu na kiwiko, akamsikiliza mpaka mwisho. Kona! Nyumba yenyewe chumba na sebule, kitanda kimeegemea kabati, kabati limeegemea mlango, na ukitaka kupita sharti mmoja atoke nje kwanza. Huyo mama wa redioni aje hapa Mbagala aitafute hiyo kona, na akiiona amwite Somoe naye aje kuishangaa.

"Mwambie aje awachukue kabisa," alisema Yustina, mpangaji mwenzake wa chumba cha pili, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Wangu hata asimrudishe mpaka shule zifunguliwe."

Wakacheka, lakini kicheko cha Somoe kilikuwa kifupi. Likizo iliyopita alikuwa amemtafuta mwanawe Twalibu mtaa mzima akaja kumkuta nyuma ya duka la vipodozi, kwenye zile mashine za kubahatisha zinazomeza sarafu. Mtoto wa darasa la pili! Wenye mashine walimwekea kreti la soda asimame juu yake ili afikie vitufe, na hela ya mafuta ya kupikia aliyotumwa nayo ilikuwa imekwisha. Somoe alimchapa palepale mbele ya watu. Walipofika nyumbani akakaa kizingitini akalia, kwa sababu alijua kesho yake atawasha jiko kama kawaida, na mtoto atatoka kama kawaida, na kreti litakuwa palepale.

Ndiyo maana Ustadhi Chande alipotangaza msikitini kwamba mwaka huu madrasa itakuwa na darasa la likizo, Somoe alikuwa mzazi wa kwanza kufika. Bure, asubuhi hadi alasiri. Kuanza ni Kurani, halafu hesabu na kusoma kwa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, halafu mchana watoto wanafundishwa kudarizi kofia. Dada mtu, Najma, aliyekuwa darasa la tano, alishika sindano kama aliyezaliwa nayo. Twalibu naye alikuwa anarudi nyumbani na nyuzi zimemganda kwenye nywele na jedwali la saba mdomoni. Hata Herieth, binti wa Yustina, ambaye kwao ni Wakatoliki kutoka Masasi, alimfuata shoga yake Najma na Ustadhi hakumfukuza. Somoe alimwona Ustadhi ni mtu wa watu.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza futari barazani, alikuwa anakanda unga wake huku roho imetulia.

Jumatatu jioni, wateja wamekwisha kuondoka na mumewe amekwenda tarawehe, Najma alichuchumaa kando ya ndoo ya maji uani akawa anaosha sufuria na kuimba. Ana sauti nzuri mtoto huyo, nyembamba lakini inafika mbali. Somoe alikuwa anachuja mafuta. Mwanzoni hakusikiliza maneno.

*Baba umelala, udongo u juu yako,*
*Magharibi imeingia, nifuturu na nani?*

Somoe akaweka chujio chini.

"Wewe, unaimba nini hiyo?"

"Kaswida, mama. Ya wageni wa Ijumaa." Najma aligeuka na uso umejaa fahari. "Mie ndo naanzisha, wenzangu wanaitikia. Ustadhi kanichagua mie kwa sababu eti nikiimba watu wazima wanalia."

"Baba gani kalala udongoni?"

"Baba."

"Baba yupi?"

Mtoto alitazama sufuria. "Baba Mfaume. Ila sio kweli, mama, usiogope. Ustadhi kasema sote tuwe mayatima mpaka Ijumaa wageni wakishaondoka."

"Na Twalibu?"

"Naye. Yeye kafiwa na wote wawili. Tusiseme kama mie na yeye ni ndugu."

Somoe alikaa juu ya kindoo. "Kwa hiyo na mie nimekufa?"

"Kwa Twalibu tu," alisema Najma, akimtuliza. "Kwangu bado upo, unaumwa."

Twalibu, aliyekuwa anakula masalia ya kalimati mlangoni, alithibitisha kwa kichwa. Hawakuwa na wasiwasi wowote. Walikuwa wamefundishwa jambo hilo kama walivyofundishwa jedwali la saba, na wakalishika vizuri, kwa sababu ni watoto wasikivu. Somoe alisikia uso unamwaka moto. Kwao Lindi hata ukipiga chafya baada ya kutaja mtu aliyekufa, mama yako anakwambia omba Mungu haraka usijichurie kifo. Sasa mumewe anazikwa kwa wimbo wa mwanawe kila mchana na watoto wa mtaa wanaitikia.

Asubuhi alimkuta Ustadhi Chande anafagia kibaraza cha madrasa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba. Walisalimiana vizuri. Somoe alikuwa amejiandaa kupiga kelele, lakini ukimkuta mtu ameshika ufagio kelele zinakuwa ngumu kutoka.

"Ustadhi, mume wangu unamfahamu."

"Mfaume? Wallahi nasali naye safu moja kila Ijumaa."

"Sasa kafa lini?"

Ustadhi aliegemeza ufagio ukutani. Hakukana. Hilo ndilo lililomuudhi Somoe zaidi, kwamba hakukana wala hakuona haya, alipumua tu kama mtu aliyeulizwa swali hilohilo na wengi.

"Mama Najma, kaa nikueleze. Hizi nyuzi, haya madaftari, yule kijana wa hesabu, vyote vinatoka kwa Bi Maliha wa Upanga. Kila Ramadhani yeye na ndugu zake wanafuturisha mayatima, na mwaka huu kasema akiwaona na kuridhika atalifadhili darasa hili kila likizo. Kila likizo, umenisikia? Sasa kaniandikia nimwandalie mayatima sitini. Mie nina mayatima sitini? Mtaa mzima nimezunguka sijapata hata ishirini. Nifanyeje, nifiwe mie?"

"Mwambie ukweli. Mwambie wapo watoto wa watu maskini."

"Watoto wa maskini ni wa nani? Ni wako." Alisema bila ubaya. "Hakuna anayechangia mtoto mwenye baba, mama Najma. Mwenye baba anaambiwa akamwombe baba yake."

"Lakini kumtamkia mtu kifo, Ustadhi. Wewe ndo unatufundisha."

"Ni siku moja. Mungu anajua nia." Aliuchukua tena ufagio. "Ukitaka kuwatoa, watoe, sitakulazimisha. Ila mtoto nikimtoa kwenye mpango nafasi yake nampa mwingine, huku nje wanagombania. Twalibu nasikia alikuwa anashinda kwenye zile mashine. Sasa hivi yuko juzuu ya pili." Akafagia mara mbili, tatu. "Halafu kalimati za siku hiyo nilitaka ukaange wewe. Bi Maliha analipia."

 Somoe alikuwa amepanga maneno tangu daku, makali, mazuri. Akamkumbuka Twalibu juu ya kreti la soda, akayameza. Akaaga. Njiani kurudi alijiambia ni siku moja tu, na Mfaume yuko kazini hatajua, na alipojisikia anasema maneno ya Ustadhi kwa sauti yake mwenyewe alijichukia.

Alimwambia Yustina, kwa sababu jambo kama hilo huwezi kukaa nalo peke yako. Yustina alitega sikio, akaangalia chumbani kwake, akamwita binti yake.

"Herieth! Kwa Ustadhi wewe unaitwa nani?"

Sauti ikajibu kutoka ndani: "Hairati."

"Na baba yako Gregori?"

"Kagongwa na lori, mama. Kibaha."

Yustina alishika kiuno. "Gregori yuko Kibamba anajenga ghorofa la watu, jana kanipigia simu ananiomba nimtumie vocha! Jamani, wamemgonga na lori!" Alianza kucheka akashindwa kuacha, mpaka machozi yakamtoka, na Somoe hakujua kama bado ni kicheko. "Mtoto wa watu kabatizwa, leo Hairati. Haya basi. Mie nikimtoa nampeleka wapi? Kitandani kwangu akakae anitazame?"

Hawakuwatoa.

Mfaume alikuwa kibarua kwenye yadi ya makontena Kurasini. Kazi yenyewe ni kushusha: magunia, maboksi, matairi, chochote kilichomo, ndani ya kontena lililopigwa jua mpaka bati linaunguza kiganja. Mwezi wa Ramadhani kazi haipungui hata kidogo. Meli hazifungi. Alikuwa anaifanya na swaumu yake, na akirudi magharibi anakaa mkekani, anakunywa uji bakuli la kwanza, la pili ndipo anauliza watoto wameshindaje.

Jumatano alirudi akakaa, uji ukawekwa, hakuugusa. Adhana ilikuwa imepita. Alikula tende moja, ya kufungulia tu, akaikalisha kokwa yake kwenye kiganja na kuitazama.

"Baba Najma, unaumwa?"

"Wafu hawaumwi," alisema Mfaume.

Watoto walikuwa ndani. 

"Mchana Cyprian kaniletea simu. Si unamjua Cyprian, tunayeshusha naye. Ananiambia, Mfaume, huyu si Najma wako? Nikatazama. Najma. Kakaa kwenye mkeka na mtandio mweupe, anasema naitwa Najma, baba yangu alifariki, tunaomba mtusaidie. Imeandikwa chini changia futari ya mayatima. Na hapo pembeni Chande. Chande ninayepeana naye mkono! Kaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanangu anampapasa."

Alikomea hapo. Kila mtu Mbagala anajua maana ya kupapaswa kichwa mbele za watu. Ni yatima anayepapaswa hivyo, kwa thawabu. Mtoto mwenye baba haguswi utosi namna ile, na anayemgusa anajua anachokisema.

"Yadi nzima wameiona," aliendelea. "Kwanza walinipa pole. Wengine kweli kabisa, walidhani mke kaniacha kaolewa, huyo mume mpya kafa. Baadaye wakaelewa. Sasa naitwa Marehemu. Msimamizi mwenyewe anaita, Marehemu, njoo kontena la bluu. Marehemu, mbona unachelewa, au umerudi kaburini kupumzika. Nimeshusha matairi mchana kutwa na koo kavu wananiita Marehemu. Mama Najma, nimekufa lini mie?"

Somoe angeweza kusema hakujua. Neno lilikuwa karibu kabisa. Lakini alimtazama mumewe, mikono imechubuka, nguo imeota chumvi mgongoni, akashindwa kuongeza uongo juu ya uongo.

"Nilijua tangu Jumatatu."

Mfaume aliitupa kokwa uani.

"Uliona sawa?"

"Sikuona sawa! Nilikwenda kwa Chande. Kasema tukiwatoa wanapoteza nafasi. Darasa lenyewe linalipiwa na hao wageni, na wageni wanataka mayatima, wenye baba hawawataki."

"Hawawataki." Alilirudia neno hilo polepole. "Kwa hiyo mie nikiwa hai, nabeba mizigo ya matajiri bandarini, naleta unga nyumbani, mtoto wangu si kitu. Hana haki ya daftari wala sindano. Nikifa tu, anapendeza. Anapigwa picha. Anapewa mchele na kanzu mpya. Si mniambie basi nijilaze chini ya kontena, niwapunguzie kazi ya kudanganya!"

"Baba Najma, usijichurie, ni Ramadhani."

"Mmeshanichuria nyie! Mmenichuria na kipaza sauti!"

Ndani watoto walikuwa wanasikiliza. Mfaume alishusha sauti lakini haikuwa nafuu.

"Kesho hawaendi."

Basi Somoe naye akawaka, kwa sababu hasira haikuwa ya Mfaume peke yake, na yeye ndiye aliyekuwa anaimeza tangu Jumatatu. "Haya, hawaendi. Wanakaa na nani? Wewe alfajiri umeshaondoka. Mie nimeinamia mafuta ya moto mpaka magharibi. Nimfunge Twalibu kamba? Ukimkuta tena kwenye zile mashine utasema mama yake hafai. Shule zimefungwa, hakuna aliyekuja kuniuliza utawaweka wapi. Serikali haijauliza, redio inaniambia nimnunulie vitabu. Kaniuliza mtu mmoja tu, na huyo ndo kataka umkopeshe kifo chako siku moja. Nichague nini? Nambie wewe, nichague nini!"

 Mfaume alitazama uji wake uliokuwa umeanza kufanya utando juu, akaunywa baridi, mpaka mwisho, akanyanyuka kwenda kuswali. Hakusema waende wala wasiende. Asubuhi Somoe aliwavalisha akawapeleka, na Najma alimshika mkono njia nzima, jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya siku nyingi.

"Mama, nikisema baba kafa, kweli anaweza kufa?"

"Hafi."

"Sasa mbona jana kalia?"

Somoe hakuwa amejua kwamba Mfaume amelia.

Ijumaa uwanja wa madrasa ulitandikwa mikeka na kufungwa turubai. Bango kubwa liliwambwa ukutani: FUTARI YA MAYATIMA, na chini picha za tende na mwezi mwandamo. Watoto sitini walikaa kwa mistari, wa kiume kanzu nyeupe, wa kike mitandio myeupe, zote mpya, bado zina mikunjo ya mfuko. Hairati alikuwa mstari wa mbele, macho makavu, baba yake amegongwa na lori. Pembeni mifuko ya mchele na sukari ilipangwa ikapigwa picha kabla ya watu.

Somoe alikuwa upande wa majiko na beseni lake la kalimati. Bi Maliha alipofika aliwasalimia wapishi wote kwa mkono, mmoja mmoja, akawauliza hali kwa Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, uso wa mtu aliyefunga na kuchoka. Somoe alikuwa ametaka kumchukia akakosa pa kumshikia. Mpwa wake Mufaddal, kijana wa kamera, alizunguka akiwaomba watoto wainamishe vichwa kidogo. Hivyo, hivyo, msitabasamu.

Mpango ulikuwa huu: Najma atasimama mbele na kipaza sauti, adhana ya magharibi ikimalizika ataanzisha kaswida, wenzake wataitikia, halafu wageni watapita kuwatilia watoto tende mdomoni. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa. Najma alikuwa ameshasimama, ameshika kipaza kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Mfaume alipoingia.

Alikuwa na viatu vyake vya mpira na kizibao cha rangi ya machungwa cha yadini, vumbi la saruji limemfika kwenye nyusi. Alitoa salamu kwa sauti ya kawaida. Akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni ya mkeka, akapita katikati ya watoto akiomba radhi huku na huku, "samahani mwanangu, samahani," mpaka alipo Twalibu, akakaa kitako karibu yake. Twalibu, aliyefiwa na wazazi wote wawili, akamwegemea.

Ustadhi Chande alikuja mbio mbio, tabasamu limekauka. "Ndugu yangu Mfaume. Hapa ni kwa watoto tu. Watu wazima tumewatengea kule nje."

"Niko na wanangu, Ustadhi."

"Huyu ni nani?" aliuliza Bi Maliha.

"Mie ni baba wa yule aliyeshika kipaza na huyu hapa," alisema Mfaume. "Huyo anayeombewa mchango kwenye simu. Ndo marehemu mwenyewe, mama. Shikamoo."

Mtoto mmoja alicheka kwa nguvu, akazibwa mdomo. Mufaddal alishusha kamera. Bi Maliha alimgeukia Ustadhi na sauti yake ilikuwa chini.

"Ustadhi. Wangapi hapa wana baba?"

"Mama, nilikwambia toka mwanzo!" Upole wote ulimtoka Chande, na Somoe akaona kwamba naye amebeba kitu siku nyingi. "Nilikwambia mayatima mtaa huu ni wachache, wenye njaa ndo wengi. Ukaniambia nini? Ukanambia wachangiaji wako hawatoi kwa mtoto mwenye baba. Nilikuja mpaka dukani kwako nikakwambia, ukanipa idadi. Sasa leo unaniuliza?"

 "Ndivyo wanavyotaka," alisema Bi Maliha, kama anayejisemea. "Ukiwaambia watoto wa maskini, wanauliza kwani baba zao hawafanyi kazi?"

"Anafanya!"

Watu waligeuka. Ilikuwa ni Somoe, upawa mkononi, na hakuwa amekusudia. "Anafanya kazi tangu alfajiri na swaumu yake, mama! Mtazame! Huyo asiyefanya kazi ndo huyo. Na mie nilijua, nisimsingizie Ustadhi peke yake. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu sina pa kuwaweka. Nimemuuza mume wangu kwa darasa la kofia." Aliuelekeza upawa kwenye bango. "Lakini nani kaweka bei hiyo? Mie?"

Spika ya msikitini ilikohoa na adhana ikaanza. Kila mmoja alibaki mahali alipokuwa: Ustadhi na mikono yake hewani, Bi Maliha amekaza ushungi wake, wanawake wa majikoni, watoto na macho yao kwenye sahani. Somoe alimtazama Najma. Mtoto alikuwa peke yake pale mbele. Adhana ikiisha ni zamu yake, na Ustadhi alikuwa amemfundisha vizuri mno, na watu wote watasikia kutoka kinywani mwake kwamba baba yake yuko chini ya udongo, baba yake akiwa amekaa hatua chache mbele yake. Somoe alijua pia kwamba asipoimba, Jumatatu mlango wa madrasa utakuwa na kufuli, na akina mama wa mtaa mzima watajua wa kumlaumu ni nani, na hatakuwa Bi Maliha. Aliyajua yote hayo akatamani mwanawe asiimbe. Ila alikwisha kumchagulia mara moja na inatosha; sasa achague mwenyewe.

Adhana ikaisha. Watoto wa mstari wa mbele walivuta pumzi, tayari kuitikia.

Najma alimtazama Ustadhi. Akatazama bango. Halafu akainama akachukua tende kwenye sahani iliyokuwa karibu yake, akapita katikati ya mitandio na kanzu mpaka kwa yule mwenye kizibao cha machungwa, na kwa sababu hakuwa amekumbuka kukiacha kipaza sauti, uwanja mzima na mtaa wa nyuma yake walimsikia.

"Baba, futuru."

Mfaume aliipokea tende. Akaitia mdomoni, akaitafuna polepole. Mufaddal alisimama pale na kamera imening'inia shingoni, hajui aangalie wapi.

"Mbona umeshusha, kaka?" Mfaume alimwambia. "Piga. Mpige hivyohivyo. Halafu chini uandike, kwa herufi kubwa kama zile za ukutani, huyu ana baba."